Feuerzangenbowle: sukari ikigoma kuwaka, mvinyo ukiwa mchungu

Kila Desemba simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja. Mtu ameshanunua mvinyo, ameshapata kofia ya sukari, wageni wamekaa, taa zimezimwa, na sukari imetulia juu ya sufuria kama jiwe la mtoni. Haiwaki. Au imewaka vizuri kabisa, watu wamepiga vigelegele, halafu funda la kwanza likawa chungu kama mwarobaini. Mimi naishi Leipzig, na kinywaji hiki nilifundishwa na mama wa ghorofa ya juu yangu, ambaye tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio mpaka mwaka mpya hakosi kukipika. Makosa nitakayoyaeleza ama niliyafanya mwenyewe ama niliitwa kuyarekebisha. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu wanaoniuliza wengi ni ndugu zetu waliokuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi, na wengine wamesharudi nyumbani na kofia ya sukari kwenye sanduku, wanataka kuwaonyesha wazazi.

Kwa asiyekijua: Feuerzangenbowle ni mvinyo mwekundu uliopashwa moto pamoja na mdalasini, karafuu na maganda ya chungwa. Juu ya chombo hulazwa koleo la chuma lenye matundu, na juu ya koleo huwekwa kofia ya sukari, yaani sukari nyeupe iliyoshindiliwa ikawa na umbo la pia, gramu 250. Sukari hunyweshwa ramu kali, hutiwa kiberiti, ikayeyuka huku inawaka na kudondoka tone kwa tone ndani ya mvinyo. Feuerzange ni koleo la moto, lile la kushikia makaa. Bowle ni kinywaji cha kuchanganya katika bakuli kubwa. Ni ndugu wa Glühwein, mvinyo wa moto wa kwenye masoko ya Krismasi, ila Glühwein hauna huo moto wa juu.

Na hapo kwenye moto ndipo penye mambo. Kinywaji hiki kina mioto miwili. Wa chini ni wa kupasha mvinyo, nao unatakiwa uwe mpole kiasi kwamba uso wa mvinyo usitikisike. Wa juu ni wa kuunguza sukari, nao unatakiwa uwe na nguvu mpaka sukari igeuke rangi ya asali. Karibu kila lalamiko ninaloletewa, ukilifuata mpaka kwenye mzizi, utakuta mtu ameibadilisha: wa chini ameupandisha, wa juu ameunyima nguvu.

Ili tuelewane kuhusu kilichoharibika, vipimo vyangu ni hivi: mvinyo mwekundu mkavu lita 2, maji ya machungwa 2, ganda la chungwa 1 na la nusu limau, karafuu 6, vijiti 2 vya mdalasini, nyota 2 za anisi, kofia 1 ya sukari, na ramu ya asilimia 54 kiasi cha mililita 350. Inatosha watu 10 wanaokunywa kwa staha.

Sukari haiwaki

Kabla hujasema haiwaki, zima taa. Nasema hivi kwa sauti ya juu kabisa. Mwali wa kileo ni wa bluu hafifu, na kwenye chumba chenye mwanga huwezi kuuona. Niliwahi kuingia kwenye nyumba ya rafiki nikamkuta ameshika chupa, anataka kuongeza ramu kwa sababu "kiberiti kimezima". Nikasogeza kiganja juu ya sukari kwa mbali, nikahisi joto. Tulipozima taa, sukari nzima ilikuwa imevaa moto tangu chini hadi juu. Angemimina, moto ungepanda mpaka mkononi mwake. Taa kwanza, ndipo uulize swali la pili.

Kama gizani pia hakuna kitu, geuza chupa usome namba. Kinachotakiwa ni asilimia 54 au zaidi. Ramu ya kawaida dukani ina asilimia 37.5 hadi 40, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya sukari kugoma. Kinachowaka si ramu yenyewe, ni mvuke wake. Ramu hafifu ikiwa ya baridi haitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Na hata ikishika, kileo kinaisha mapema, maji yanabaki kwenye sukari, moto unakufa ukiwa katikati ya kazi. Kwa walioko Tanzania, konyagi ya asilimia 35 ndiyo msitegemee kabisa.

Ukikosa ya 54, ya 40 inaweza kukutoa ukiipasha. Mimina kiasi kwenye kikombe cha chuma, ukizamishe kikombe kwenye bakuli la maji ya moto mbali na jiko, subiri mpaka ramu iwe vuguvugu ya kutosha kuihisi kwenye kidole, nyweshea sukari, washa papo hapo. Itawaka, ila utahitaji kuongeza mara nyingi, kwa upawa, na kinywaji kitakuwa chepesi zaidi. Ramu ya 54 pia hugoma ikiwa imetoka kwenye baridi. Huku watu hugeuza roshani kuwa friji wakati wa Desemba. Chupa iliyolala nje usiku wa nyuzi sifuri iingize ndani saa 2 kabla.

Kuna wazo ambalo huletwa na kila mtu wa nyumbani, nalo ni gongo. Hapana. Gongo, chang'aa, iite utakavyo, hujui ina kileo kiasi gani, na hujui kama imeingia methanoli. Methanoli inapofusha na inaua, na kuiwasha moto juu ya sukari hakuiondoi.

Sababu ya tatu ni kunywesha vibaya. Wengi humwaga ramu kileleni, ikateleza upande mmoja na kuingia kwenye mvinyo, sukari ikabaki kavu. Chukua kijiko, zungusha, lowesha pande zote kuanzia juu kushuka chini, kama vijiko 5 au 6, kisha subiri dakika 1. Ramu ya rangi ya kahawia itakuonyesha yenyewe: sukari inageuka rangi pale iliponyonya, na penye weupe pameachwa. Ndipo uwashe kwa kiberiti kirefu, chini, si kileleni, kwa sababu moto hupanda.

Uwanjani penye upepo, weka kizuizi au rudi ndani ya baraza. Hakuna ujanja mwingine.

Inawaka halafu inazima

Hii ni ndogo. Ramu imeisha kwenye sukari. Ongeza kwa upawa wenye mpini mrefu, kidogo kidogo, mwali ukianza kufifia. Ukishazima kabisa, ongeza ramu, subiri inywewe, washa upya. Mililita 350 hunichukua kama robo saa, na robo saa hiyo ndiyo starehe yenyewe: mwali wa bluu unakuwa na ncha za njano sukari inapoanza kuungua, tone linavutika refu kama uzi wa asali, linakatika, linagusa mvinyo na kutoa mlio mdogo, *chwii*, na harufu ya karameli inapanda. Usiharakishe hapo.

Moto umepanda kupita kiasi

Hapa sina maneno mengi, lakini kila moja lishike. Ramu usiimimine kamwe kutoka kwenye chupa kwenda kwenye moto. Mwali unaweza kupanda mkondo wa ramu hadi ndani ya chupa, na chupa ikarusha moto kwa waliokaa mbele yake. Upawa tu, na upawa ujazwe pembeni, mbali na mwali, chupa ikiwa imefungwa.

Mfuniko wa sufuria unaofunika koleo na sukari pamoja uwe karibu na mkono wako kabla ya kuwasha. Kama kofia ni ndefu kuliko mfuniko, tafuta sufuria nyingine kubwa ya kuifunika juu chini. Moto ukikushinda, funika. Moto ukikosa hewa, hufa. Usirushe maji, yatatawanya ramu na sukari inayowaka. Taji la Majilio la matawi makavu, nyota za karatasi, mapazia, viondoe mezani. Aliyefunga mtandio aufunge nyuma. Watoto wakae upande wa pili wa meza.

Mara nyingine moto unawaka juu ya mvinyo wenyewe, si kwenye sukari peke yake. Hiyo ni ramu iliyopita bila kunyweka, au mvinyo uliopashwa mno mpaka unatoa mvuke wake wa kileo. Zima jiko la chini, acha kuongeza ramu, na ukiona unatanda, funika. Ndiyo maana mimi huzima moto wa chini kabisa kabla ya kuwasha wa juu. Lita 2 za mvinyo kwenye sufuria nzito hazipoi kwa robo saa.

Tone la sukari likimwangukia mtu linaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, na dawa ya meno iacheni bafuni.

Sukari inaanguka vipandevipande

Angalia koleo. Matundu yakiwa mapana, kofia ikishalainika chini inavunjika na kutumbukia, na kipande kilichozama hakijaungua. Kimeleta utamu tu bila karameli. Koleo linalouzwa kwa kazi hii ni bamba jembamba lenye mkunjo wa kuilaza kofia ubavu. Asiye nalo, chujio la chuma lenye mpini linatosha, ila liwe chuma tupu, lisiwe na ukingo wa plastiki.

Kwa waliokosa kofia ya sukari: vipande vya mraba vinafaa, ukivipanga kwenye chujio viwili viwili kama matofali. Vinawaka haraka zaidi na kuanguka haraka zaidi, kwa hiyo ramu iwe kidogo kidogo. Sukari guru niliijaribu mwaka mmoja kwa hamu kubwa, nikidhani ladha yake itapendeza. Ladha ilipendeza, moto haukupendeza. Sukari guru imeshikamana na ina unyevu wake, haikunyonya ramu, ikawa inalainika na kuteleza kama udongo. Sasa naikatia vipande vidogo ndani ya mvinyo kabla, na juu naweka sukari nyeupe.

Mvinyo umekuwa mchungu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina baba zaidi ya mmoja, kwa hiyo lazima uchunguze uchungu umeingia lini. Tabia yangu ni kuonja mara tatu: viungo vikishakaa dakika 10, vikitolewa, na baada ya sukari kuisha. Ukionja mwisho tu hutajua nani mkosaji.

Ukiwa mchungu tangu mwanzo, kabla ya moto wa juu, tazama ganda la chungwa. Chini ya ganda kuna utando mweupe, na uchungu wote umo humo. Usikate chungwa vipande ukatupia, ingawa picha za matangazo ndivyo zinavyoonyesha. Menya kwa kimenyeo cha viazi, kamba nyembamba, kisha inua kamba uitazame upande wa ndani. Ukiona vitundu vya rangi ya chungwa, umemenya vizuri. Ukiona weupe kama pamba, ukwangue kwa kisu. Machungwa yawe yale yasiyopakwa nta na dawa. Huku Ujerumani kwenye lebo huandikwa kama ganda linaliwa au haliliwi. Kule kwetu machungwa mengi ni ya kijani nje hata yakiiva, na ganda lake linafaa kabisa, lioshe tu.

Kama ganda halina kosa, basi mvinyo umechemka. Kileo peke yake huchemka kwenye nyuzi 78, na huanza kukukimbia mapema kuliko hapo. Mvinyo uliotokota hupoteza harufu ya matunda, unabaki ukali na ukakasi, na viungo vinakamuliwa mpaka vinatoa vitu ambavyo hukuviomba. Ninapasha hadi nyuzi 70, nikizidi sana 75. Usiye na kipimajoto, tazama: moshi mwembamba wa kwanza ukianza kupanda, umefika. Vipovu vidogo vikianza kushika ukuta wa sufuria kama vya soda, umezidisha, iondoe jikoni. Aliye Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi, akumbuke kwamba maji yenyewe huko huchemka karibu nyuzi 94, na mvinyo nao huwahi kutoa mapovu kuliko pwani. Moto wa chini aupunguze mapema zaidi.

Karafuu nazo. Mtu wa Pemba hahitaji kuambiwa nguvu ya karafuu, lakini mapishi mengi ya huku yameandikwa kwa karafuu zilizokaa kabatini miaka. Mimi nikirudi kutoka likizo hubeba za Pemba, na 6 za Pemba zinafanya kazi ya 12 za dukani hapa. Zikizidi, ulimi unakufa ganzi na kinywaji kinanukia kama chumba cha daktari wa meno; ni yale yale mafuta tunayoweka kwenye jino linalouma. Na viungo visilale ndani. Dakika 30 zinatosha, kisha chuja, *ndipo* ulete sukari. Anayeacha karafuu na mdalasini kwenye sufuria jioni nzima kwa ajili ya urembo atawanywesha wageni wa mwisho dawa.

Tazama pia kama ulichonunua ni karafuu tupu au kimechanganywa na makonyo. Makonyo ni vikonyo, mafuta yake ni machache na ladha yake ni ya mti mkavu.

Mvinyo uliozeeka kwenye pipa la mwaloni haufai hapa, na ni hasara. Ukakasi wake, ule unaokausha ufizi, huzidi kusikika ukiwa wa moto. Tafuta mvinyo mwepesi wenye ladha ya matunda: Dornfelder, Spätburgunder, Merlot ya bei ya kati. Kwa aliye Tanzania, mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma unafaa vizuri, ilimradi uhakikishe chupa si ya mvinyo mtamu.

Kama ulionja mara mbili ukawa mzuri na uchungu ukaja mwishoni, sukari imeungua mno. Moto ulikaa sehemu moja bila kuongezewa ramu, sukari ikapita rangi ya asali, ikapita kahawia, ikawa nyeusi. Matone meusi ni masizi. Zima kwa mfuniko, kwangua weusi, anza upya upande wa pili wa kofia.

Uchungu ulioingia hautoki, lakini unaweza kupunguzwa. Ongeza nusu lita ya mvinyo usiotiwa viungo, maji ya chungwa moja, na chembe za chumvi, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Chumvi inapunguza uchungu ulimini kuliko sukari. Wengi hukimbilia sukari, wakaishia na kinywaji kichungu na kitamu kwa pamoja.

Kina ladha ya chuma

Ni sufuria. Zile sufuria zetu za alumini, ambazo hakuna nyumba inayozikosa, hazipatani na kitu chenye asidi, na mvinyo una asidi, chungwa lina asidi, limau lina asidi. Vikikaa pamoja kwenye joto, alumini huingia kwenye kinywaji na ladha yake inabaki pembeni mwa ulimi. Shaba tupu, na chuma cha kusubu kisichopakwa kitu, ni vivyo hivyo. Tumia chuma cha pua au sufuria ya enameli ambayo haijabanduka ndani. Kilichoshaharibika kwa njia hii mimi hukimwaga.

Kitamu kupita kiasi

Swali moja: ulinunua mvinyo, au ulinunua Glühwein ya chupa? Glühwein ya dukani kwa kawaida imeshatiwa sukari na viungo kiwandani, na sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka iwe na kileo kuanzia asilimia 7 tu, wakati mvinyo mkavu huwa na 12 au 13. Ukiongezea kofia nzima ya sukari juu yake, umepika sharubati. Gramu 250 kwenye lita 2 na ushei ni kama gramu 100 kwa lita, na huo ni utamu wa kutosha kwa mvinyo ambao hauna utamu wake wowote. Ukishafanya kosa, zimua kwa mvinyo mkavu na limau, na kofia usiimalize. Iinue ikiwa nusu.

Kikiwa na ugwadu badala ya utamu, sukari nyingi imebaki kwenye koleo. Mwagia upawa wa mvinyo wa moto juu yake ishuke.

Kina tope, au utando unateleza mdomoni

Umetumia viungo vya unga. Mdalasini wa unga ukilowa hutoa ute. Tumia vijiti, na chuja kwa kitambaa.

Hakinukii

Viungo vimekufa. Chukua karafuu moja uibonyeze kichwani kwa ukucha: nzima inatoa mafuta na kidole kinabaki kinanukia. Au itupe kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au huelea imesimama wima, iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Wajerumani huiita Nelke, neno lenye asili ya msumari mdogo, na ukiiona imesimama kwenye maji kichwa juu utaelewa kwa nini.

Mdalasini uvunje: kijiti chembamba chenye matabaka mengi kama karatasi iliyokunjwa ndicho cha harufu laini, kile kinene cha ganda moja ni kasia, kina ukali zaidi na kumarini nyingi, kemikali ya asili ambayo ikizidi hudhuru ini. Kwa usiku mmoja kasia haina neno, ila punguza kijiti kimoja.

Kimewalewesha watu haraka

Piga hesabu nami. Lita 2 za mvinyo wa asilimia 12 zina mililita 240 za kileo tupu. Ramu mililita 350 za asilimia 54 zina 189. Ukijumlisha maji ya chungwa na sukari, chombo kizima kina karibu asilimia 16 kabla ya kuwasha. Watu hudhani moto unakimaliza kileo. Haukimalizi, unachukua sehemu ya ramu tu, sehemu kubwa ya kileo bado imo. Kisha ni kitamu na ni cha moto, kwa hiyo kinashuka bila kujitangaza. Tumia vikombe vidogo vya udongo vya mililita 150 (glasi nyembamba zitapasuka), weka chakula mezani kwanza, na mwenye gari ajulikane kabla ya kikombe cha kwanza.

Kwangu daima kuna sufuria ya pili, kwa sababu nusu ya wageni wangu ni Waislamu, wajawazito, watoto au madereva, na sitaki mmoja wao akae na glasi ya maji akitazama wenzake. Lita 1 ya maji ya zabibu nyekundu, nusu lita ya maji ya tofaha, nusu lita ya rosela iliyochemshwa, viungo vile vile na tangawizi. Moto wa juu hapa haupo, kwa hiyo karameli naitengeneza pembeni: gramu 80 za sukari kwenye kikaango kikavu, ikishakuwa rangi ya asali naimimina kwenye sufuria taratibu, nikisimama mbali kwa sababu inaruka. Itaganda kwanza, kisha itayeyuka. Upawa wake uwe mwingine, usichanganywe na ule wa mvinyo.

Kimebaki, na kesho yake hakinyweki

Kama kimebaki, hakikisha usiku huo huo hakuna kiungo ndani, kitie kwenye chupa safi, weka kwenye friji, kinywe ndani ya siku 2. Kipashe mara moja tu, kiasi cha kunywa, kwa moto ule ule wa chini usiotikisa. Kilichopita hapo nakichemsha wazi kabisa, bila huruma, mpaka kiwe kizito kama rojo, na kinafaa juu ya mapera yaliyopikwa au nanasi.

Koleo liloweke kwenye maji ya moto usiku huo huo. Karameli iliyoganda hadi asubuhi utaikwangua hadi mchana.